Rundo la Kushoto

Ukitaka kumjua Bi Toboa, tazama mikono yake kwanza, maana uso wake hautakwambia kitu. Mkono wa kulia una vidole vinne. Kile kidogo cha mwisho kilibaki chini ya nyundo ya baba yake alipokuwa na miaka kumi na miwili, akishikilia bati la pipa lipigwe liwe karai. Mzee hakusimamisha kazi. Alifunga kidonda kwa kitambaa cha kufutia masizi, akamwambia, "Vinne vinatosha kushika koleo," akanyanyua tena nyundo. Jioni alimnunulia soda. Huo ndio upendo uliokuwepo kwao, na Bi Toboa alikua akidhani hakuna wa namna nyingine.

Safu yao ya mafundi ina mabanda kumi na mawili, yamebanana nyuma ya uwanja wa magari mabovu. Gari likifia barabarani huburutwa mpaka pale, na baada ya wiki mbili hulioni tena: pistoni zimekuwa sufuria, mlango umekuwa vikaango, pipa la mafuta limekuwa karai, makopo ya rangi yamekuwa chujio na pawa za kuchotea mchuzi. Nyundo huanza asubuhi na mapema na haziachi mpaka jua lizame. Wote pale masikio yamekufa nusu, kwa hiyo husalimiana kwa kupayuka, na mgeni akipita hudhani wanagombana. Mara nyingine huwa wanagombana kweli. Mtu anaweza kumtoa mwenzake jino kwa ajili ya kipande cha aluminiamu, na majirani wasiache kazi mpaka damu iwarukie.

Wanagombana kwa kila kitu isipokuwa kwa jambo moja, nalo ni kutoboa. Chuma chochote chenye uwazi ndani, kilichozibwa huku na huku, hakiingii motoni kabla ya kutobolewa tundu. Mkebe wa dawa ya kupuliza, kompresa ya friji, na hasa shokapu, lile bomba fupi linalozuia gari au pikipiki isiruke ruke barabarani. Shokapu ina mafuta na hewa iliyoshindiliwa ndani. Ukiitia kwenye chungu cha kuyeyushia bila kuitoboa, hukaa humo kimya dakika mbili tatu kama mtu mwenye adabu zake, halafu hulipuka na kumwaga aluminiamu ya moto juu ya kila aliye karibu. Ndivyo alivyokufa baba mdogo wa Bi Toboa, kabla yeye hajazaliwa.

Kwa hiyo kila banda lina marundo mawili, na fuawe ya kupigia chuma imekaa katikati. Kulia ni vilivyotobolewa, kushoto ni vinavyosubiri drili. Kulia ni moto, kushoto ni drili. Baba yake alimfundisha hivyo kwa mkanda. Akikuta kipande kimekosea rundo hakuuliza ni nani. Alipiga wote waliokuwepo, mama mtu akiwemo, kisha akakaa kunywa chai yake.

Mzee alipokufa kwa kifua aliacha banda, madeni ya wengine ambayo hakuna aliyeyalipa, na mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mama alishatangulia. Bi Toboa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mchumba aliyemwambia achague, mimi au banda. Alichagua bila kukaa kitako kufikiri. Alimshika mdogo wake mkono, akaingia naye bandani, akamwonyesha marundo mawili, kisha akamzaba kofi moja la nguvu ambalo mtoto hakulitegemea. "Hilo ni la kukumbukia," akamwambia. "Kulia moto. Kushoto drili."

Jina la Bi Toboa alipewa na safu nzima, kwa sababu neno lake la kwanza asubuhi si salamu. Ni "Umetoboa?" Muuza chai akimpitishia birika humtania, "Na hili nilitoboe, Bi Toboa?" Naye hacheki. Hapo ndipo wenzake wanapocheka zaidi.

Mdogo wake wakamwita Sahau. Jina lilimkaa kama soksi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimba na mikono yenye ustadi kuliko ya dada yake, tuseme ukweli. Sufuria aliyoimwaga yeye ilitoka nyembamba na sawasawa pande zote, ukiigonga inalia. Lakini alisahau. Alisahau kufunika mchanga wa kalibu, ule wa kumwagia aluminiamu, alisahau ufunguo mlangoni, siku moja alisahau kiatu kimoja bandani akafika nyumbani akichechemea na asijue kwa nini. Na kila alichosahau alikilipia kwa mwili wake. Dada yake alimpiga akiwa na miaka kumi, akampiga akiwa na ishirini, na sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, ndevu kidevuni, bado anachapwa kwa upawa mbele ya wateja. Wateja waliangalia pembeni. Mafundi walicheka.

Hakuwahi kurudisha hata mara moja, wala hakuwahi kuhama. Na Bi Toboa alimpenda, hilo lisemwe waziwazi. Nyama ya kwanza kutoka sufuriani ilikuwa ya mdogo wake. Alipougua homa alimkalia siku nne bila kuvua viatu. Alimpiga kwa kuwa aliogopa kumzika, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuogopa.

Siku ile walikuwa na kazi ya shule moja ya bweni: sufuria sitini kubwa, za kuchukuliwa saa tisa alasiri. Hamsini na mbili zilikuwa tayari. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na asubuhi Bi Toboa alipotazama sanduku la mchanga alikuta mchanga umelowa chapachapa. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri kwenye msumari wake. Sahau alilikunja vizuri, ila hakufunikia mchanga.

"Sahau!"

"Naam, dada."

"Njoo uone hapa. Hii ni nini?"

Sahau akatazama. "Mchanga."

"Mchanga eh? Mchanga!"

Kofi la kwanza lilimkuta shavuni, la pili shavu la pili. Hakuinamisha kichwa. Alisimama tu kama mtu anayengoja mvua ipite, na ule utulivu wake ndio uliomtia Bi Toboa wazimu, maana mtu anayepigwa anatakiwa aonyeshe kwamba anasikia. Akampiga la tatu, la nne. La tano alilizungusha kutoka mbali kwa nguvu zake zote, likatua kwenye mfupa wa paji la uso. Kitu kikalia ndani ya kiganja chake mwenyewe. Maumivu yakampanda mpaka kwapani.

Sahau akayumba, akashika fuawe asianguke. Damu ikamtoka puani, akaipangusa kwa bega.

"Umetoboa vile vyuma?" dada yake akamfokea.

"Nimetoboa, dada. Vya kulia vyote. Hivi vya kushoto vimebaki kwa sababu fundi mageti ameazima drili."

"Toka mbele yangu. Nenda kalete mkaa. Na ukisahau mkaa usirudi."

Sahau akatoka. Alikuwa anaimba hata kabla hajafika kona, polepole, na pua imejaa damu.

Bi Toboa akabaki na kazi ya watu wawili na mkono mmoja. Alimwaga mchanga kwenye karai akauweka juu ya moto ukauke, akawasha feni ya tanuri, na chungu kikaanza kuwa chekundu. Mkono wa kulia ulikuwa unavimba. Aliubana kwapani na kuanza kulisha chungu kwa mkono wa kushoto, akitukana kwa sauti. Alimtukana Sahau, akaitukana mvua, akamtukana mwalimu wa shule aliyetaka sufuria saa tisa kana kwamba wanafunzi wangekufa saa tisa na dakika moja. Miaka thelathini mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda kwenye rundo la kulia wenyewe, bila yeye kuutazama. Wa kushoto haukuwahi kufundishwa. Ulichukua kilichokuwa karibu nao.

Kipande cha tatu kilikuwa kizito, na kilimteleza kidogo kwa mafuta. Alikitumbukiza, akaendelea kutukana.

Hapo ndipo Babu Tupa alipoingia. Huyu alikuwa mzee wa banda la jirani, fundi wa kupiga tupa, yaani kusugua makali ya pawa na vijiko yasikate watu midomo. Kila chombo kilichotoka kwenye safu kilipita mikononi mwake, na hakuna fundi pale ambaye hakuwahi kulala kwake siku alipofukuzwa kwao. Ndiye mtu pekee aliyemwambia Bi Toboa ukweli usoni na akatoka na meno yake yote. Alikuwa amebeba pawa thelathini amezitunga kwenye waya.

"Leo umeamka na shetani gani, mwanangu?" akapayuka. "Nimesikia makofi mpaka kwangu, na unajua masikio yangu yalishajifia zamani."

"Babu, huyu mtoto ataniua."

"Mtoto ana mvi mbili, nimeziona. Utamvunja, halafu utalia peke yako humu ndani."

"Asipopigwa atatulipua sote."

"Haya. Mimi nimeleta pawa tu, sikuleta vita. Nina kigoda humu au nikae chini kama bibi harusi?"

Bi Toboa akajikuta anacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nzima. "Ngoja nikuletee," akasema. Akazunguka nyuma ya kabati la zana kutafuta kigoda. Babu Tupa akainama juu ya chungu, maana alipenda kutazama rangi ya aluminiamu inapoyeyuka. Alikuwa akisema ni kitu kizuri kuliko vyote walivyowahi kutengeneza kwayo.

Mlipuko ulimtupa Bi Toboa ukutani. Kabati lilimwangukia miguuni, nalo ndilo lililomwokoa. Alipoinuka hakusikia chochote, hata nyundo moja. Paa lilikuwa na matundu, na jua lilipita ndani kwa mistari. Matone ya aluminiamu yaliganda kila mahali, juu ya sufuria mpya, juu ya turubai, juu ya ukuta. Babu Tupa alikuwa amelala chali. Hakuwa na uso tena. Mguu wake mmoja ulitikisika mara chache, shati likiwaka taratibu kifuani, kisha akatulia, na waya wa pawa bado ameukamata.

Bi Toboa akamwagia mchanga ule wa kwenye karai kuzima shati, na mchanga wenyewe ulikuwa wa moto. Alijua hivyo, akaumwaga hata hivyo, kwa sababu mikono yake ilitaka kufanya jambo.

Safu nzima ikajaa mlangoni. Wa kwanza kuingia alikuwa fundi mageti, mtoto wa mwisho wa Babu Tupa, jitu la mabega mapana, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso na ile drili ya kuazima bado ameishika. Alipiga magoti. Akajaribu kumnyanyua baba yake kwa kumshika kichwa, akakiachia haraka, akatazama viganja vyake. Sauti aliyoitoa hapo Bi Toboa aliisikia, ingawa masikio yake yalikuwa hayajafunguka.

"Nani?" akasema fundi mageti. "Nani alilisha chungu?"

Mtu mmoja akaokota kitu karibu na mlango. Ilikuwa nusu ya shokapu ya pikipiki, imefunuka kama ganda la ndizi. Wakaigeuza geuza. Haikuwa na tundu.

Na Sahau akatokea, gunia la mkaa begani. Alikuwa amekumbuka mkaa.

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja. Fundi mageti akainuka, akamsogelea, akamwuliza kwa upole kabisa, "Ulitoboa?"

Sahau hakuwa ameona chochote bado, kwa maana watu walimziba asione. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameulizwa swali hilo na jibu lilikuwa moja tu, la kujiokoa. "Nimetoboa," akasema.

Wakamwonyesha shokapu. Kisha wakasogea, akamwona Babu Tupa.

Nondo ya kwanza ilimkata miguu. Gunia likapasuka na mkaa ukatawanyika, na wakampigia juu ya mkaa. Walimpiga kwa nondo, kwa koleo, kwa mipini ya nyundo, kwa pawa zile zile alizozitengeneza kwa mikono yake. Watu hawa walikuwa wamekunywa chai naye asubuhi. Mmoja alimkanyaga mkono wa kufanyia kazi, akainua mguu, akaukanyaga tena kwa kisigino mpaka ukalia. Fundi mageti alikuwa analia huku anapiga, na kwa kuwa machozi yalimziba hakuona anapiga wapi, na mapigo ya asiyeona ndiyo mabaya.

Na Bi Toboa? Bi Toboa alisimama.

Tusimpambe. Mwanzoni aliamini kwamba ni Sahau. Nani mwingine? Aliamini kwa moyo wake wote, na akasikia hasira yake ya kawaida ikipanda. Halafu akatazama mkono wake wa kushoto. Kiganjani kulikuwa na mafuta meusi ya shokapu, mazito, yenye harufu ile anayoifahamu tangu utotoni. Akakumbuka uzito wa kile kipande cha tatu. Akatazama marundo. La kulia lilikuwa limejaa. La kushoto lilikuwa limepungua.

Akaupangusa mkono kwenye gauni lake. Aliupangusa vizuri, kati ya vidole, mpaka ukatakata, huku anawatazama wanavyompiga mdogo wake. Alifanya hivyo kwa sababu aliogopa. Aliziona zile nondo akazisikia juu ya mgongo wake mwenyewe, na moyo ukamwambia, watachoka sasa hivi, watamwacha, yeye amezoea. Ndiyo, moyo wake ulisema hivyo: amezoea. Mapigo kumi na moja yalipita akiwa amesimama, na anajua ni kumi na moja kwa sababu aliyahesabu.

La kumi na mbili liliingia jichoni. Sahau hakupiga kelele. Alikusanya pumzi, akasema kwa sauti ya kuomba radhi, "Nisameheni. Nilisahau. Nisameheni, nilisahau."

Hapo kitu kilikatika ndani ya Bi Toboa. "Ni mimi!" akapiga kelele. "Mwacheni! Ni mimi niliyeitia!" Lakini nani angesikia? Masikio ya safu ile yalikufa zamani, na yaliyobaki yalizibwa na mlipuko. Akachukua koleo refu la chunguni, lile la kushikwa kwa mikono miwili. Aliukunja mkono wake uliovimba ukashika, mifupa ikasagana, hakujali. Akalizungusha kutoka nyuma ya bega na kumpiga fundi mageti kwenye mkono ulioinua nondo. Mfupa ulivunjika kwa mlio mkavu, mkono ukaning'inia vibaya kutoka kwenye kiwiko. Akamgeukia aliyemkanyaga Sahau, akamchapa ubavuni, naye huyo akaanguka juu ya mkaa anatapika. Wa tatu alirudi nyuma mwenyewe.

"Ni mimi!" akasema tena, amesimama juu ya mdogo wake, miguu huku na huku. "Nilichukua rundo la kushoto. Mkono wangu uliumia, nikachukua kwa mkono huu. Ni mimi niliyemwua Babu. Nipigeni mimi."

Safari hii walisikia, na wakatazamana. Alingoja nondo, na kwa kweli aliitaka. Lakini fundi mageti alikuwa amekaa chini karibu na baba yake, ameushika mkono uliovunjika, na ukali wote ulikuwa umemwishia.

"Dada ni dada," akasema mmoja kwa sauti ya chini, karibu ya heshima. "Hata angechinja mtu, angesema ni yeye."

"Nakwambia ni mimi!"

"Sawa, mama. Tumesikia. Mpeleke hospitali."

Askari alikuja, akatazama matundu ya paa, akaandika ajali, akaondoka. Babu Tupa alizikwa kesho yake. Bi Toboa alikwenda, akapita katikati ya watu mpaka kwa fundi mageti, aliyekuwa na mkono ndani ya plasta, akamwambia tena mbele ya kaburi lililo wazi. Alieleza yote, marundo, kipande cha tatu, mafuta kiganjani. Fundi mageti akamwuliza mafuta yako wapi. Akasema aliyapangusa.

"Usinichezee," akasema fundi mageti. "Wewe? Wewe, Bi Toboa? Tangu nazaliwa nakusikia unauliza swali moja tu. Leo uje uniambie ulisahau kulijibu?" Macho yalikuwa mekundu. "Mkono wangu nimekusamehe. Mtu anapigania damu yake. Lakini usiitukane na akili yangu."

Tangu siku hiyo akawa mtu mkubwa kwenye safu. Wanawake walimsimulia kwa mabinti zao, kwamba huyu mnayemwona alikuwa tayari kufa badala ya nduguye. Muuza chai alimmiminia kikombe kizima akakataa kulipwa. Kila aliyemsifu alimchoma, na kila alipobisha walimsifu zaidi, wakisema kumbe na unyenyekevu anao. Alifika mahali akamtukana mama wa watu aliyemshika mkono njiani kumpongeza. Wakasema ni uchungu.

Akabaki na mtu mmoja tu ambaye alipaswa kumwamini.

Sahau alitoka hospitali baada ya wiki tano, jicho moja limeshonwa, mkono wa kulia umeunga vibaya na vidole havikunji. Hatamwaga sufuria tena. Walikuwa wanaishi chumba kimoja chenye pazia katikati, kitanda cha dada huku, cha mdogo wake kule. Alasiri moja Bi Toboa alifunga banda mapema, akaja na supu, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha. Kisha akaweka bakuli sakafuni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia.

Alimwambia polepole, bila kuruka kitu. Alimwambia kuhusu kofi la tano na kiganja kilicholia. Alimwambia kuhusu mkono wa kushoto. Akamwambia na lile baya kuliko yote, kwamba aliupangusa mkono huku anatazama, na kwamba alihesabu mpaka kumi na moja.

Sahau alisikiliza, kichwa amekigeuza ili jicho lililobaki limwone. Dada alipomaliza, Sahau akatabasamu kwa upande wa mdomo uliokubali.

"Dada, asante," akasema. "Lakini usijisumbue. Mimi najijua."

"Unajijua nini?"

"Nilichanganya marundo. Nimefikiri sana hospitali, nimekumbuka kila kitu. Niliichukua ile shokapu kwa mkono wangu nikaiweka kulia. Naiona kabisa."

"Huikumbuki, kwa sababu hukufanya! Ilikuwa kushoto. Ulipanga sawa, mdogo wangu. Siku ile ulipanga sawa kila kitu."

"Mimi?" Akacheka kidogo, kicheko kikamwumiza taya. "Mimi nipange sawa, halafu wewe ukosee? Dada, hata wewe mwenyewe huliamini hilo. Nimemwua Babu Tupa. Nimeshakubali."

Bi Toboa akasimama. Damu ikamchemka, ile ile ya siku zote, ya kumwambia mtu jambo na lisimwingie kichwani. "Nakwambia ni mimi!" Sauti yake ikajaa chumba kizima. "Mara ngapi nikwambie? Husikii? Ni mimi, ni mimi!"

Sahau akajivuta mpaka ukutani, akakunja magoti. "Ni wewe," akasema haraka. "Ni wewe, dada, nimesikia. Ni wewe. Usikasirike." Na mkono wake uliopinda alikuwa ameshauinua kujikinga uso.